Kadi ya njuka

Jumanne, baada ya prepo, masomo ya usiku

Ile kadi imekunjika kona. Dada Rehema, kiranja wa bweni, aliichukua juzi bila kuniuliza akajipepea nayo. "Njuka, huyu mwenye helmeti ndiye mchumba wako?" Bweni zima likacheka. Nami nikacheka, sikujua nifanye nini.

Niliikuta mfukoni mwa jaketi la mtumba aliloninunulia mama nilipokuja kuanza kidato cha kwanza hapa Kongwa na kuitwa njuka kama wageni wote. Ina mchezaji wa mpira wa Marekani, ule wa kushika kwa mikono. Usiku nikikumbuka nyumbani Mkonze, huwa naitazama.

Leo nilimwuliza mwalimu wa kompyuta maana ya herufi RC zilizo pembeni. Akatafuta, akasema ni kifupi cha Kiingereza, "rookie card", na kwamba wakusanyaji wa kadi hizi huthamini zaidi ile ya mwaka wa kwanza wa mchezaji, kabla hajajulikana na mtu. "Yaani kadi ya njuka," akasema. Halafu akaiona kona. "Ila ikikunjwa, mwanangu, thamani inashuka sana."

Nilijikaza nisilie mbele yake.

Nilipokuwa naibana ndani ya kamusi inyooke, Dada Rehema akauliza, "Si imeshaharibika? Unaitunzia nini?" Nikamweleza habari ya njuka. Hakucheka. Akakaa kitandani kwangu. "Hivi wewe unaitwa nani?"

Muhula mzima hakuna aliyeniuliza hilo. Nikasema, "Mwaja." Akalirudia polepole, kisha akaenda kulala.

Kesho atakapoita watu wa zamu ya usafi, nitasikiliza ataniitaje.