Tarumbeta Nyuma ya Kilima

Mjukuu wangu mpendwa Elinami,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba sana. Naomba radhi: barua yako imekaa mezani tangu mavuno ya kahawa. Huku Machame tu wazima, na ng'ombe amezaa.

Waniuliza kwa nini ngoma za ile baa iliyo nyuma ya ukuta wa bweni lenu zinakufikia, lakini maneno ya nyimbo hayafiki. Mwalimu wetu wa misheni alitufundisha kwamba wimbi la sauti nzito ni refu, hivyo huzunguka kizuizi. La sauti nyembamba ni fupi, nalo hukingwa. Katika mtihani nilijibu vyema.

Mwaka tuliooana, bibi yako alivunjika mguu akikata majani ya ng'ombe nyuma ya kilima kilicho juu ya kihamba chetu, shamba letu la migomba na kahawa. Aliniita kwa sauti yake nyembamba, sikumsikia. Mimi, nikiwa nyumbani, nilisikia tarumbeta kubwa la kanisani likinguruma kutoka nyuma ya kilima hichohicho, nikaenda kwenye mazoezi ya bendi. Wanawake walimkuta jioni.

"Ungepaza sauti," nilimwambia.

"Nilipaza, mume wangu. Labda nimeolewa na mume wa tarumbeta."

Alichechemea maisha yake yote. Mwishowe akawa anawaambia wageni kwamba siku ile hakuita kwa nguvu. Nami niliyeijua sababu nilinyamaza, mpaka tukamzika.

Barua hii anakuletea shangazi yako Aikande, aliyerithi sauti ya mama yake. Ikiwa aliita sana getini kabla hujamfungulia, tafadhali usimwambie angepaza sauti.

Babu yako