Kitenge Chini ya Meza

Jumamosi, 4 Mei

Kyebando hadi Kawempe na kurudi, vitenge kumi na viwili kichwani. Vimetoka viwili tu. Kisigino kimepasuka tena. Muuza nyanya mmoja ameniuliza kwa nini sipandi taksi, haya mabasi madogo, kama watu wengine. Nimemwambia napenda kutembea. Uongo mtupu. Miaka mitatu niko Kampala, sijapanda gari hata moja, wala boda. Tangu wale wenye bunduki wasimamishe gari letu nje ya mji wa Beni, kule kwetu, wakamshusha mume wangu, baba Espe, mlango wa gari ukifungwa nyuma yangu nakosa pumzi. Basi natembea.

Jioni mama katuma sauti kwenye simu. Yuko Kasindi, ng'ambo ya mpaka, na mwanangu Espe. Macho ya mama yamekwisha, na kaka anamhamishia Butembo Jumamosi ijayo. Ijumaa atamvusha mtoto mpaka Mpondwe, upande wa Uganda. Ni siku ya soko, watu wanavuka bila kusumbuliwa sana. Nisipofika, Espe anaenda Butembo naye. Kwa barabara ileile ya Beni.

Nimesikiliza mara nne. Naogopa.

Jumapili, 5 Mei

Kwenye chumba chetu cha maombi, anayesafiri husimama akasema anaenda wapi, lini, na nani. Kisha kabla ya safari anaacha kitenge chake kimoja ndani ya sanduku, chini ya meza. Kinaombewa mpaka arudi akichukue mwenyewe. Wamama wa kwetu hawatoki bila hivyo.

Nimesimama. Mpondwe, Alhamisi, peke yangu.

Mama Chantal ndiye anayetuongoza. Hakuniangalia usoni. Aliangalia kitenge nilichovaa, kile cha ndege wa manjano ambacho kimekataa kuuzika mpaka nikaamua kukivaa mwenyewe. Akafumba macho kwa muda mrefu.

"Zawadi, usiende. Nimeona basi. Nimeona hicho kitenge kwenye majani kando ya barabara, na ndani yake hamna mtu."

Mama Chantal si mtu wa maneno ovyo. Mwaka jana alimwambia mwenzetu Mama Furaha asilale nyumbani kwake usiku ule, na mvua ikaangusha ukuta juu ya kitanda.

Nimerudi nyumbani nikavua kile kitenge.

Jumatatu, 6 Mei

Kyebando nzima inajua. Mwenye mkaa anajua. Fundi cherehani amenishika mkono kama mfiwa. Wengine wanasema nitume mwanaume. Nimtume nani? Mama haoni. Ananitambua kwa sauti tu, na hatamwachia mtoto mtu mwingine yeyote. Nimeomba wanne wanisindikize. Wote wana sababu.

Mchana nilikuwa na mteja Naguru. Kile kilima nakipanda kwa mageti. Sitazami juu. Nafika geti moja, kisha natafuta lingine.

Jumanne, 7 Mei

Nimejaribu. Nimeingia kwenye taksi pale stendi, nikakaa karibu na mlango. Kondakta akaufunga. Nikapiga kelele. Nimeshuka kabla gurudumu halijazunguka, watu wanacheka. Aibu gani hii.

Mama Chantal amekuja kwangu saa kumi. Amefunga siku mbili, midomo imekauka. Ameona tena, na sasa ameona na kiatu kimoja. Alisema huku analia. Sikumkaribisha chai.

Nimemchukia. Naandika hivyo na sifuti.

Jumatano, 8 Mei

Nimepeleka kitenge cha ndege kwenye chumba cha maombi. Nilitaka kikae mbali nami, kisiwe mwilini mwangu njiani. Mama Furaha, anayeshika ufunguo, alinifungulia sanduku.

Chini kabisa kulikuwa na kingine. Ndege wale wale wa manjano. Kimefifia kwenye mikunjo, kinanuka dawa ya nondo.

Nilifikiri nimerukwa na akili. Mama Furaha akafunga mlango ndipo akaniambia. Ni cha Aline, binti wa Mama Chantal. Alipanda basi kwenda Kasindi kumzika bibi yake, peke yake. Mwaka wa nne huu. Hakupiga simu. Hakuna aliyethubutu kukitoa sandukuni, wala kumtaja mbele ya mama yake. Mimi nilikuwa sijafika Kampala.

Kumbe kila Jumapili nilikuwa nakaa mbele ya yule mama nimevaa nguo ya mwanawe.

Nilidhani nitapata nafuu. Sikupata. Ndoto labda si yangu, lakini Aline alikuwa mtu wa kweli, na barabara ni hiihii.

Nimeweka changu juu ya chake. Tiketi ninayo.

Alhamisi, 9 Mei. Mpondwe

Nimefika. Niandike kabla sijalala.

Basi la asubuhi. Mlango ulipofungwa nilitapika kwenye mfuko. Jirani yangu, mama wa Kiislamu, hajati mmoja wa Bombo, alinipa ndimu ninuse na hakuniuliza kitu. Mungu ambariki. Nilifanya kama Naguru. Sikufikiria Mpondwe. Nilitafuta mti. Kisha kanisa. Kisha kibao cha shule.

Kabla ya Kasese, askari barabarani. Gogo katikati ya njia. Injini ikazimwa. Watu wakaanza kushuka na mimi nikabaki, mikono imeganda kwenye chuma cha kiti cha mbele. Hajati alinivuta mkono, akashindwa, akashuka. Nikabaki peke yangu ndani. Akaingia mmoja, bunduki mgongoni.

"Mama, shuka. Watu yote nashuka."

Ndivyo walivyomwambia baba Espe. Shuka. Akashuka, akaacha kofia yake kwenye kiti.

Sijui nilikaa muda gani. Kisha nikatafuta kiti kilichofuata kuelekea mlangoni. Nikakishika. Kisha kingine. Ngazi. Ardhi. Miguu ilinibeba, sikuamini.

Alitazama kadi yangu ya ukimbizi mbele na nyuma. Aliuliza namfuata nani. Nikasema mtoto wangu. Sauti ilitoka vizuri. Akasema haya, panda.

Nilipogeuka niliona kitu cha manjano kwenye majani. Nilitembea mpaka pale, hatua kama kumi, askari ananiangalia. Ilikuwa dumu la maji lililopasuka.

Ningeweza kutolitazama. Nilitaka kujua.

Ijumaa, 10 Mei

Saa mbili, hawapo. Saa nne, hawapo. Saa sita. Jua, vikapu, samaki wa chumvi, watu wanasukumana. Simu ya mama imezimwa. Nilianza kusikia maneno ya Mama Chantal na kujiuliza kama kiatu kile kilikuwa cha mtoto.

Sikungoja tena. Nilisimama juu ya jiwe nikamwita mama kama ninavyoita wateja nikitembeza vitenge. Mama. Mama Zawadi. Ni mimi. Wanawake walinitazama. Niliita mpaka koo likauma.

Akaja. Amekonda, fimbo mkononi, uso umeelekea kwenye sauti yangu. Espe anamwongoza. Amekuwa mrefu. Alinitazama kama mgeni, akajificha nyuma ya bibi yake. Imeniuma. Mama alichukua mkono wake akauweka ndani ya wangu, akasema nenda. Hakukaa hata kidogo. Alirudi akiwa ameshika mkoba wa jirani yake mmoja wa Kasindi, na sijui kama nitamwona tena.

Jumapili, 12 Mei

Espe alikaa miguuni pangu maombi yote. Bado haniiti mama. Kwenye basi jana alilala begani kwangu.

Nimechukua kitenge changu. Cha Aline nimekikunja upya, kwa mikunjo mingine.

Mama Chantal hakuongoza leo. Alimshika Espe kichwa. Wenzetu walipotoka aliniuliza basi la Mpondwe linaondoka saa ngapi. Nikamwambia saa moja asubuhi, na akae mbele, hatatapika sana. Akavua kitenge cha begani, akakiweka sandukuni juu ya kile cha binti yake.

"Jumanne," alisema. "Nitauliza watu wa kule. Sijawahi kuuliza."

Alitaka mimi nishike ufunguo. Niko nao hapa, chini ya daftari. Sikumwambia asiende.

Kesho nina mteja Naguru. Espe ni mdogo kwa kile kilima. Tutapanda taksi.