Paka Uliyempa Jina la Chausiku

Dada Zena,

Katika yote niliyoyasikia Maskati, sauti moja ndiyo iliyonifuata mpaka huku Bigwa: kijiko chako kikigonga ukingo wa bakuli la bati. Unagonga, unanyamaza, unagonga tena. Kabla hujamaliza walikuwa wameshatokea, juu ya ukuta mweupe, chini ya magari, kwenye ngazi za duka la mikate. Sikuwahi kuona paka wengi kiasi kile wakimjia mtu badala ya kumkimbia.

Ilikuwa Ijumaa, siku yako ya mapumziko. Chuo kilikuwa kimenipeleka huko kwenye mafunzo, na moyoni nilijua nisingeomba kwenda kama usingekuwepo. Miaka mitano hatukuonana. Nilidhani tutakaa tulie kidogo, tuulizane habari za nyumbani. Ukanishika mkono ukasema, "Kwanza njoo uwaone wenzangu."

Mmoja wa rangi ya majivu alikuwa anakunywa maji yanayodondoka kutoka kwenye kiyoyozi. Akaacha, akanipandia mapajani bila hata kuninusa. Nikakakamaa.

"Tulia wewe, amekupenda!" ukacheka. "Hawa hawajui kandambili. Kwetu angeshapigwa nayo mpaka akome."

Mwenye duka, yule mzee wa Kiarabu mwenye Kiswahili cha Unguja, akachungulia mlangoni. "Ndo nduguyo huyu? Mwambie akuchukue, wewe na mapaka yako yote. Yananjazia duka!"

"Nikiondoka utalia wewe kabla yao," ukamjibu.

Mlitaniana kama watu wa mtaa mmoja, nami nikafarijika kwamba kuna mtu anakujua. Baadaye nikagundua hata jina lako halijui. Mama Paka, ndivyo anavyokuita.

Kisha ukamwita yule wa majivu. "Chausiku, mwanangu, njoo ule."

Nilikutazama usoni; hukunitazama. Ulikuwa unamchambulia samaki, unatoa miiba kwa vidole, vile Mama alivyokuwa akituchambulia sisi perege. Ukamsemesha Kiluguru, polepole, kama mtu anayembembeleza mtoto mchanga alale. Paka akala mkononi mwako. Na mwanao Chausiku, uliyeniachia kabla hajaanza kutembea, alikuwa hajaisikia sauti yako tangu uondoke. Kila nilipotaka kumpa simu ulikata. "Atanizoea," ulikuwa ukisema, "halafu itakuwaje?"

Nikakuuliza palepale kwa nini huongei na mwenyewe.

Ukafuta vidole kwenye baibui. "Hawa hawaniulizi narudi lini," ukasema. "Nimeshasaini mkataba mwingine wa kazi, Mwanne. Mtoto anakuita mama. Basi mwache hivyohivyo. Awe wako."

Sikukujibu. Usiseme nilikubali, sikukujibu.

Kwetu jambo hili ni rahisi mno, na huo ndio ubaya wake. Mluguru hamshangai mtoto anayemwita mama mdogo wake mama, kwa kuwa mtoto ni wa ukoo wa mama na ukoo wetu ni mmoja. Niliporudi nikamweleza Mama wakati anachambua mchicha, na hakuinua hata kichwa. "Sasa umwambie nini? Wa dada yako ni wako. Anakula, analala, ana mama. Unataka kumliza bure?" Mila yetu imekufunika vizuri hivi kwamba pengo lako halionekani. Chausiku hakui akikungoja. Hajui kama kuna wa kungojwa.

Nimeishi na hilo tangu nirudi. Wiki hizi mvua haikatiki, wingu limeshuka mpaka kwenye migomba ya jirani na nguo hazikauki. Ninakaa naye ndani. Nikimsuka naona kisogo chako. Akiniita mama naitika, kisha kitu ndani yangu kinageuka kutazama nyuma, kana kwamba kuna mwingine ameitwa pamoja nami. Nampenda, Dada. Ombi lako lingenipa kile ninachokitaka kuliko vyote, na hapo ndipo liliponitisha. Wewe ungenipa mtoto, mimi ningekunyang'anya, na sote wawili tungeliita jambo hilo wema.

Kuna siku nilitamani ungekuwa umemsahau. Ningejua la kufanya. Lakini nimekuona ukitoa miiba.

Jumapili nilimkalisha kitandani nikamwonyesha picha niliyokupiga bila wewe kujua, umechuchumaa, yule wa majivu ameweka kichwa kiganjani mwako. Akauliza paka anaitwa nani. Nilipomwambia alicheka mpaka akaanguka chali. "Paka gani anaitwa kama mimi!" Nikamwambia, "Aliyempa paka jina hilo alikupa wewe kwanza. Huyo ndiye aliyekuzaa. Mimi ni mdogo wake."

Hakulia. Aliitazama picha, akaigusa, ikasogea, akairudisha.

"Huyu paka anamjua?"

"Anamjua."

"Mimi je?"

Mama ananipita sebuleni kama kiti tangu siku hiyo. Nawe najua utanikasirikia, na una haki, maana sikukuomba ruhusa. Niliogopa kwamba nikiomba utaninyima, nami nitatii kwa furaha.

Kaa salama huko, Dada. Mvua zikikatika huku nitakutumia picha zake, utake usitake. Meno ya mbele yameanza kulegea. Namba yako nimemfundisha, ameishika kichwani, anaisema hata akiwa anaoga. Simu iliyolia kwako Ijumaa baada ya swala, ile ambayo hukuipokea, sikupiga mimi. Nilikuwa nimemwachia simu nikatoka nje.

Mdogo wako,
Mwanne, mama mdogo wa Chausiku