Utani Uishie Getini

Chanji, Sumbawanga

Mama yangu, mayu,

Shikamoo. Mbuke mdogo wangu, wewe unayemsomea mama, kabla hujaendelea mkalishe kwenye kigoda, mpe na maji kidogo, halafu soma hii kwa sauti kubwa: Kabula mzima. Yuko hapa mbele yangu anakula ugali na maharage, na ameshapiga mkono wake kwenye karatasi. Hilo doa mnaloliona ni mchuzi. Haya, sasa endelea.

Mama, mguu unaendeleaje? Mvua imewashukia au bado mnahesabu mawingu? Na ng'ombe wa baba mkubwa wamepona? Sisi tupo. Baridi inatutafuna lakini ndiyo hiyo hiyo inatulisha, bila baridi nani angenunua masweta yangu ya mitumba? Mwezi uliopita nilijifanya mjanja nikayabeba mpaka mnada wa Muze, kule chini bondeni. Kumbe Muze ni joto kama huko kwetu! Mzee mmoja akaniangalia na jasho langu, akaniuliza, "Kijana, hayo unawauzia samaki?" Nikarudi nayo yote.

Nimeandika kwa sababu simu imetushinda. Juzi nilipopiga wewe ulilia, mama Kabula akalia, na mimi nikaona aibu kukaa peke yangu bila kulia, salio likakata. Ulichoshika ni "mtoto kachukuliwa" basi. Halafu Mbuke akatuma ujumbe kwamba umeshaamua: shemeji Masanja, kaka yake mama Kabula, apande basi aje amchukue mtoto aje akae kwako, maana wachawi wa Sumbawanga watammaliza. Na mama Kabula naye ameshaanza kukunja vigauni. Sasa naomba usikie jambo lenyewe lilivyokuwa, ndipo tuamue.

Unajua mama Kabula anapika chakula stendi, mimi nashinda sokoni. Kabula asubuhi tunampeleka kituo cha watoto cha Mwalimu Skola, hapa hapa Chanji. Anakunywa uji wa ulezi, anaimba, analala mchana. Jioni anayewahi kati yetu anapita kumchukua. Ukichelewa, jirani anakuchukulia, mnakutana njiani, mnacheka, unampokea mtoto. Ndivyo wote tunavyofanya, na hakuna aliyewahi kuona ubaya.

Siku hiyo nimefika, geti liko wazi limeegemezwa jiwe, maana komeo lake lilikatika tangu mwaka jana. Yupo Zita, dada anayemsaidia mwalimu, amekuja majuzi tu kutoka kijijini. Anafagia.

"Zita, mambo. Niitie ndama wangu."

"Kabula? Mbona ameshaondoka, baba Kabula."

"Na mama yake?"

"Na mjomba wake."

Mama, mimi nikacheka. Si unanijua. Nikamwambia, "Mjomba gani? Wajomba zake wote wako Kahama wanachunga."

"Alikuja na baiskeli. Akasema, mimi mjomba wake, baba yake kanituma. Nikamuuliza Kabula, huyu nani? Kabula mwenyewe akasema, mjomba! Akamrukia."

"Jina lake?"

"Sikumuuliza."

"Kavaa nini?"

Akafikiri. "Koti. Kama watu wote."

Koti kama watu wote! Mama, Sumbawanga nzima imevaa koti, na nusu yao nimewauzia mimi. Hapo kicheko kilinikaukia mdomoni. Sikumtuma mtu. Naapa sikumtuma mtu yeyote.

Nyuma ya kituo kuna mashimo watu walikochimba udongo wa tofali, na mvua za mwaka huu zimeyajaza mpaka juu. Kila siku napita pale na mzigo wangu, nilikuwa nayaona kama njia mbovu tu. Siku hiyo ndiyo niliona kwamba ni maji, na kwamba hata uzio wa fito hakuna kati yake na watoto. Nikaingia. Nikawa natafuta chini kwa fimbo na huku naomba Mungu nisiguse kitu. Nikigeuka namuona Mwalimu Skola amesimama uwanjani, anawagusa vichwa watoto waliobaki, akimaliza anaanza tena, kana kwamba Kabula angetokea katikati yao.

Mama Kabula alifika na upawa mkononi, sijui nani alimwambia. Alipoona nimelowa mpaka kifuani hakuuliza. Akapiga yowe, lile la kwetu la siku ng'ombe wakiibwa. Chanji yote ikatoka nje. Na kila mtu alikuwa ameiona baiskeli.

"Mimi nimemuona kashuka barabara ya Kasanga!"

"Kasanga? Kule kuna boti, kesho mtoto yuko Kongo!"

Nilikaa chini kwenye tope, mtu mzima.

Sasa nikutajie Desideri. Huyu ni fundi baiskeli pale karibu na soko, Mfipa, na Wafipa huku na sisi Wasukuma tunaishi kwa utani. Mimi na Desi tumeshikana hivyo tangu nilipofika. Yeye ananiita mla michembe, vile viazi vyetu vya kukausha, mimi namwambia radi ikipiga asingizie wengine, maana Wafipa ndio wanaosemwa kuituma. Na mtani akikukamatia kitu chako hukasiriki, unakikomboa. Siku chache kabla ya hapo nilimchukua jogoo wake mbele ya mkewe, nikaondoka naye kwapani, nikasema leteni pombe ndipo mumuone. Mkewe alicheka mpaka akakaa chini. Hapo ndipo tulipokuwa.

Basi katikati ya yale makelele, baiskeli ikatokea kona ya juu, inakuja taratibu. Kabula amekaa mbele kwenye bomba, anatafuna hindi la kuchoma. Na Desi, hana habari, ameona watu wengi akadhani ni ngoma, akaachia mkono mmoja akapaza sauti:

"Msukuma! Leta jogoo wangu nikupe ndama wako!"

Hakuna aliyecheka. Mtu mmoja alisema, "Ndiye huyu, mwizi wa watoto," na mama, usingeweza kusikia kingine tena. Mama Kabula akamnyakua mtoto. Nikaona mawe mikononi mwa watu ninaowauzia masweta. Majirani zangu, watu wa jumuiya, watu wa kanisani. Mmoja alishika mchi. Desi bado anatabasamu, hajaelewa, ananitafuta mimi kwa macho ili tucheke.

Nikamrukia. Nikamwangusha na baiskeli yake, nikamlalia juu, napiga kelele, "Ni mtani wangu! Jamani ni mtani wangu!"

"Mtani gani anaiba mtoto?"

"Huyu hapa! Ananidai jogoo!"

Jiwe moja lilikuwa limeshatoka, likanipata begani. Lilikuwa la Desi, nimempokelea mimi. Bega bado halinyanyuki vizuri, lakini kalamu inashikika, kama unavyoona. Kilichowazuia wengine siyo mimi. Ni Kabula, kutoka mgongoni kwa mama yake, aliuliza kwa sauti, "Baba, mbona unampiga mjomba?"

Watu wakaanza kuangalia chini. Mawe yakaanguka moja moja.

Desi hakuweza kusimama. Tulikaa pale pale kwenye tope. Akaniambia, "Mtani, nilitaka jogoo tu. Nilipita naye njia ya juu nimnunulie hindi. Nilijua utacheka."

Mama, hilo ndilo halinitoki. Nilijua utacheka. Na ni kweli, siku nyingine yoyote ningecheka. Kabula anamwita mjomba kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha, kwa utani. Zita aliuliza, mtoto akajibu, mwenye baiskeli anampenda kweli. Kila mtu alifanya vile tunavyofanya siku zote. Ndiyo maana mpaka leo nikikumbuka nashtuka mwenyewe hapa nilipo. Wewe unaogopa wachawi, na mimi nilikuja huku nimefunga hirizi uliyonipa. Hakuna mchawi, mama. Kulikuwa na geti lenye jiwe na neno "mjomba". Na neno hilo lingemfungulia mtu yeyote mwenye koti. Desi ndiye aliyetangulia kulisema, bahati yetu.

Mwalimu Skola hakujificha. Aliita wazazi wote, akaja na afisa ustawi wa jamii, mama mmoja mfupi haongei sana. Yule mama akauliza, "Nani hapa aliwahi kuchukua mtoto wa jirani bila mzazi wake kujua?" Mikono ikapanda kama tunachagua diwani. Akatuangalia, akauliza tena, "Na nani mtoto wake aliwahi kuchukuliwa hivyo, akaona sawa?" Mikono ile ile.

Mzee mmoja wa hapa, anayelea mjukuu wake, akanung'unika. "Sasa mnataka kuua utani na ujirani? Tuishi kama watu wa Dar?"

Mwalimu Skola macho yamevimba, siku zile alikuwa hapati usingizi, akamjibu kwa heshima kabisa. "Babu, tanieni sokoni, tanieni msibani, tanieni kilabuni mpaka mchoke. Hapa utani uishie getini."

Basi imekuwa hivyo. Mzazi unakuja mwenyewe na mtu unayemwamini, mnasimama mbele ya mwalimu na Zita na mtoto, wanamuona uso, wanajua jina. Akija mwingine, hata akiwa padri, wanampigia mzazi kwanza. Simu isipopokelewa, mtoto haendi, mwalimu anakaa naye. Zita habaki peke yake tena na watoto wote. Mashimo tumeyafukia wazazi wenyewe kwa majembe, na lile lililotushinda tumelizungushia fito na miiba. Komeo la geti amelitengeneza Desi, juu kabisa ambako mkono wa mtoto haufiki. Nilimuona anavyolipima, anafunga, anafungua, anafunga. Siku hizi hanitanii. Nimemrudishia jogoo bila kitu, akampokea akasema asante, kama mtu tusiyejuana. Hilo linaniuma kuliko bega, lakini nitamrudisha tu, nampa muda.

Wiki hii baridi ilikaza, nikavaa kofia yangu ya mtumba ile inayofunika mpaka pua, nikaenda kumchukua Kabula. Zita akanichungulia juu ya geti.

"Wewe nani?"

"Zita bwana! Baba Kabula!"

"Toa kofia."

"Baridi, Zita."

"Toa kofia au niite watu."

Nikatoa. Akaniangalia, akaniangalia tena, ndipo akafungua. Mama, nilisimama pale nje natetemeka, na sijawahi kufurahi kukataliwa namna ile.

Sasa kuhusu shemeji Masanja. Aje, ni kaka, tutachinja. Lakini Kabula simpi. Siyo kiburi, mayu. Hapo kwako ndipo nilipokulia na unamjali kuliko macho yako, ila lambo la kunyweshea ng'ombe liko nyuma ya nyumba wazi, na kila mpita njia mtoto anamwita babu na kumfuata. Zamani niliona ni raha. Sasa hivi nikifikiria siwezi kulala. Kwanza mlitafutie lambo uzio, Mbuke na wenzake wasaidie, miiba iko bure.

Na mwambie shemeji asipitie kituoni akaona atamaliza kazi haraka. Atasema yeye ni mjomba, na ni mjomba kweli, lakini Zita hatamfungulia. Hata wewe ukija, mama yangu uliyenizaa, utasimama nje ya lile geti na upepo huu mpaka mmoja wetu aje akushike mkono, aseme mbele ya mwalimu, huyu ni bibi yake. Basi kaa wewe kwenye kiti cha Masanja kwenye hilo basi. Njoo uonekane uso. Mama Kabula ameacha kukunja vigauni, ila hajavirudisha sandukuni. Anangoja neno lako.

Nisalimie baba mkubwa na ng'ombe zake, shangazi mwenye duka la chumvi, na mkwe wangu mama yake Masanja, mwambieni mjukuu wake ananenepa. Mbuke, wewe salamu zako ni kusoma vizuri bila kuruka maneno.

Mimi mwanao,
Shija, baba Kabula

Sweta lako nimeshalitenga, la kijani, zito. Limekaa juu ya mengine na siliuzi.