Wageni wa Usiku Mmoja Katika Mji Wetu Wenyewe

Cannaregio,
Venezia.
6 Juni 2023

Mpendwa dada yangu Nives,

Salamu nyingi zikufikie huko Adelaide, na natumaini nyonga yako imetulia, maana najua kwenu baridi imeanza na nyonga haijawahi kupatana na baridi. Kuku wako hawajambo? Na ule mlimau, mwaka huu umezaa au bado umekununia? Sisi huku tu wazima. Goti la shemeji yako Gastone ni lile lile, na macho yangu siku hizi yanaona vizuri vitu vya mbali tu, ndiyo maana nakuandikia kwa herufi kubwa kama mtoto wa darasa la kwanza.

Kwanza, dada, futa machozi. Nyumba ya Mama hatujaiuza. Mimi na Gastone hatujaachana. Uliponipata hatimaye kwa simu Jumapili na kuniuliza ni nani aliyeinunua, nilishindwa kukueleza kwa kuwa Gastone alikuwa amesimama ubavuni mwangu akimenya pea, na katika habari hii yapo ambayo hayafai masikio yake. Barua haina wa kuisikiliza.

Najua ni Bruna aliyekuambia. Nilijua tangu zamani kwamba neno likiingia sikio la Bruna asubuhi, jioni limeshavuka madaraja yote ya mtaa. Sikujua kwamba linaweza kufika Australia kabla sisi hatujafika Split.

Ilianza hivi. Mwezi wa Machi binti yetu Tiziana alitupa zawadi kwa kutimiza miaka arobaini ya ndoa: siku saba kwenye meli ya kitalii, Split, Dubrovnik, Corfu, halafu kurudi. Ni meli ndogo, ukiilinganisha na yale majumba yanayoelea yaliyokuwa yakitutikisia vikombe kabatini, kwa hiyo inaruhusiwa kufunga gati hapa mjini, San Basilio. Kutoka mlangoni kwetu ni mwendo wa nusu saa, na kwa goti la Gastone ongeza robo. Mimi nilidhani tutaamka, tutakunywa kahawa, tutafunga gesi, tutakwenda.

Gastone akasema, "Usiku wa kabla ya safari tutalala hotelini."

"Hoteli ya wapi?"

"Ya hapa hapa. Wanaopanda meli wote hulala hotelini kwanza."

"Wale wametoka Texas, Gastone. Sisi tunatoka jikoni."

Akaniambia kwamba miaka thelathini na minane alikuwa mchukuzi wa mizigo pale stesheni, na hakuna hoteli mjini ambayo hakuifikisha mizigo ya mtu, lakini hata siku moja hajalala ndani ya mojawapo. "Nataka nilale chali," akasema, "niitazame dari." Nikamjibu kwamba dari ni dari. Akanuna siku mbili. Gastone akinuna hupiga mluzi, na anajua wimbo mmoja tu, basi siku ya tatu nikakubali.

Taabu ikawa kuchagua. Watu wengine huchagua hoteli kwa picha. Mume wangu huchagua kwa mgongo. Mimi nilitaka iwe karibu na Piazzale Roma, pale jirani na stesheni, tusihangaike na madaraja asubuhi. Akasema hakustaafu stesheni ili arudi kulala stesheni. Nikamtajia moja ya karibu na Rialto. "Ngazi hamsini na mbili, tena zinapinda katikati. Niliwahi kukwama pale na kasha la mwimbaji mmoja mnene, na mwimbaji mwenyewe nyuma yangu akiniimbia matusi." Nikataja nyingine, San Zaccaria. Hiyo hataki kuisikia, kwa sababu mwaka 1987, mwezi wa Agosti, mama mwenye hoteli alimnyima maji ya kunywa.

"Mama yule alishakufa."

"Mwanawe ana macho yale yale."

Siku moja alitaka tukaone tu ile ya fahari iliyo kwenye Mfereji Mkuu. Nikavaa mkufu wa Mama. Akaniongoza uchochoro huu, uchochoro ule, akasukuma mlango, na tukajikuta katikati ya mashuka machafu. Miaka yote ile alikuwa akiingilia mlango wa nyuma, na mlango wa mbele hakujua uko upande gani. Wanawake wa dobi walimkumbuka, wakatupa kahawa, tukakaa saa nzima. Hatukuona chumba hata kimoja.

Mwishowe tukapata nyumba ya wageni ya Bibi Scarpagnin, kule Dorsoduro, madaraja mawili kutoka gatini. Chumba cha chini, ngazi tatu tu za kuingilia, dirisha linaangalia mfereji mdogo. "Hapa sijawahi kuleta mzigo," Gastone akasema kwa heshima. "Wageni wake walikuwa wakibeba wenyewe."

Siku yenyewe nilipanga tutoke saa za mlo wa mchana, wakati watu wote wako mezani, tusionekane. Tulipofika juu ya daraja la kwanza, nani anakuja akiburuta kikapu chake cha magurudumu? Akatazama masanduku yetu mawili.

"Mnahama?"

"Tunakwenda kulala hotelini," akajibu Gastone, ambaye Mungu hakumjalia uongo unapohitajika.

"Hotelini," akasema Bruna. "Hapa hapa."

"Usiku mmoja tu, jirani," nikasema.

"Na akina Vianello walisema usiku mmoja. Leo kwao kuna watalii Wadenmaki, na kisanduku cha funguo zao kimepigwa misumari mlangoni." Akanishika mkono vile watu wanavyoshikana msibani. Nilikuwa na mafua, nikatoa kitambaa. Huo ndio ushahidi wake wote kwamba nilikuwa nikilia.

Mapokezi tukamkuta binti mmoja anaitwa Giada, wa kutoka Rovigo, ana wiki tatu kazini. Akatukunjulia ramani ya mji. Akatuonya kwamba mji huu unapoteza watu, tufuate vibao vya manjano wala tusijaribu njia za mkato. Gastone alisikiliza ameinamisha kichwa kama mwanafunzi.

"Na hapa tulipo ni wapi, binti?"

Akamchorea duara kwa kalamu nyekundu. "Hapa, babu. Na mwangalie madaraja, yana ngazi."

"Ahaa," akasema Gastone. "Yana ngazi."

Nilijiuma midomo mpaka ikaniuma kweli. Kisha Giada akasoma vitambulisho vyetu, akasoma tena anwani. Akauliza kwa upole kama maji yameingia nyumbani. Hapana. Bomba limepasuka? Hapana. Gastone akamwambia tuko likizo. Yule binti alikuwa mwekundu hadi masikioni, lakini ramani hakuidai, na Gastone aliikunja akaitia mfukoni.

Chumbani akavua viatu, akalala chali, akatazama juu muda mrefu.

"Haya?" nikamuuliza.

"Ina ufa," akasema. "Kama yetu."

Alipokunja suruali ndipo nikaliona goti. Dada, lilikuwa kama kabichi. Nyumbani hulificha kwa blanketi. Nikamuuliza limekuwa hivyo tangu lini, naye badala ya kujibu akaniambia jambo jingine.

"Januari nilikaa nusu saa kwenye ngazi, ghorofa ya tatu. Ulipoita nikakuambia nazungumza na Ottavio wa ghorofa ya pili."

"Ottavio alikuwa hospitali Januari."

"Ndiyo. Hukukumbuka, nami nikamshukuru Mungu."

Basi akafungua yote. Alimwambia Tiziana. Tiziana akatafuta nyumba Mestre, kule bara, ghorofa ya pili, ina lifti, na akaandaa karatasi ya kuipangisha nyumba ya Mama kwa watalii. Ilibaki kuniambia mimi, na wote wawili waliogopa. "Wewe umezaliwa mle," akasema. "Hujalala kwingine maishani. Hata usiku wa harusi yetu tulilala mle, mama yako akikohoa nyuma ya ukuta. Nikasema kwanza nione kama unaweza kulala kitanda kingine."

"Kwa hiyo hoteli hii si kwa ajili ya dari."

"Dari nayo niliitaka."

Nilimwambia amenipima kama kiatu. Nilimwambia mengine ambayo sitayaandika. Ngazi zile sabini na nne ndizo Mama alizopanda na wewe mgongoni na mimi tumboni, na mtu na binti yake wamekaa wakaniamulia kama vile mimi ni kabati. Nikapanda kitandani nikageukia ukuta, nimeazimia kutolala hata dakika moja, ili ajue.

Dada, nililala mpaka saa mbili asubuhi. Kengele za San Sebastiano sikuzisikia. Niligeuka nikamkuta Gastone ameketi dirishani, macho yamemwingia ndani. Hakupata hata lepe. Mto ulikuwa laini, maji ya mfereji yalikuwa yakipiga upande asiouzoea, hata mimi, eti, nilikoroma kwa sauti nyingine.

"Umelala," akaniambia, kama mtu aliyesalitiwa.

Gatini tukamkuta Tiziana anakuja mbio kutoka basi la Padova, nywele hazijachanwa. Bruna alikuwa amempigia simu kwamba wazazi wake wametoka nyumbani na kila kitu, na mama analia njia nzima.

"Mama, mmegombana?"

"Tumegombana, lakini si kwa hilo analosema Bruna."

Akamtazama baba yake. "Umemwambia?"

"Kaniambia," nikasema. "Nami nakubali. Nitahama."

Nilisema kwa hasira, ili kuwakomoa, lakini neno lilipotoka nilishangaa kuona halikuniumiza vile nilivyotegemea. Aliyeumia ni Gastone.

"Mimi sihami," akasema.

"Baba, ni wewe uliyeniomba."

"Niliomba kabla sijajaribu kulala nje."

Mstari wote nyuma yetu ulikuwa umesimama. Msichana wa meli akauliza kwa adabu kama tunapanda au hatupandi. Mjerumani mmoja mzee, asiyeelewa neno, akampigapiga Gastone begani na kumbebea sanduku. Miaka thelathini na minane, dada, na huyo ndiye mtu wa kwanza kumbebea mzigo. Alipanda ile ngazi ya meli akiwa haoni anakokanyaga kwa machozi, akanidanganya kwamba ni upepo.

Ya baharini sina mengi. Corfu ni pazuri, chakula kilikuwa kingi kuliko adabu, na Gastone alipanda lifti hata kwenda ghorofa moja, akiniangalia kwa pembeni kila milango ilipofungwa. Karatasi hatukuizungumzia. Usiku tulilala sote, maana bahari ilikuwa ikitubembeleza bila kuuliza nani anatoka wapi.

Tuliporudi nilimpeleka kwa daktari, goti likatolewa maji. Kisha nikafanya langu. Nilitoa viti vitatu vya jikoni nikaviweka kwenye ngazi, kimoja kila ghorofa, kwenye kona. Sasa Gastone hutumia dakika arobaini kufika nyumbani. Kiti cha kwanza husoma gazeti, cha pili Ottavio hufungua mlango na kumletea kahawa, cha tatu hufikiri. Anasema ndiyo saa yake nzuri ya siku. Kwa muda gani yatawezekana hayo, sijui. Majira ya baridi yatatuambia.

Sasa lile lisilofaa masikio yake. Alhamisi nilimdanganya nakwenda kwa daktari wa meno, nikapanda tramu hadi Mestre. Tiziana alinifungulia ile nyumba. Lifti inanuka rangi mpya, niliipanda mara mbili. Jikoni mna jua la asubuhi, jua lenyewe, si lile letu linaloazimwa kwenye ukuta wa jirani. Nilisimama ndani ya lile jua mpaka Tiziana akaniambia, "Mama, sema chochote." Nilimwomba tu asiiachie bado.

Niliporudi nilimkuta Gastone kwenye kiti cha pili, kikombe mkononi, akibishana na Ottavio juu ya samaki. Akaniuliza jino linasemaje. Nikamwambia linaweza kungoja. Akasogea, akanipa nusu ya kiti, nikakaa.

Nyumba hii nusu ni yako, na karatasi ya Tiziana itakufikia kabla ya Septemba, inataka sahihi zetu mbili. Usiitie sahihi na usiichane. Niandikie kwanza, lakini usiniandikie kama mwenye nusu ya nyumba. Niandikie kama yule aliyelala nami kitanda kimoja mle ndani miaka kumi na minne, halafu siku moja akafunga sanduku akaenda mwisho wa dunia. Ulilala, Nives, usiku ule wa kwanza? Sikuwahi kukuuliza.

Msalimie sana shemeji Silvano, Renata na mapacha wake. Ottavio anakusalimu. Bruna naye anakusalimu, na nadhani ana aibu kidogo, ingawa aibu ya Bruna haikai. Mungu awape nyote usingizi mwema popote mnapolaza vichwa, na magoti ya kuwafikisha hapo.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye leo kama jana,

Ornella