Kibanda na Shoka, Sylhet

Jumatano, 4 Juni 1947
Jana usiku redio ilisema: India itagawanywa. Sisi wa Sylhet tutapiga kura! Alama ya kibanda — tubaki Assam, ndani ya India. Alama ya shoka — twende Bengali ya Mashariki, yaani Pakistan, nchi mpya ya Waislamu. Mume wangu Haripada akazima redio, akasema chai imepoa. Haikuwa imepoa.

Jumamosi, 5 Julai
Mafuriko. Kituo cha kura kiko ng'ambo ya maji. Watu wa kibanda waliahidi mashua. Iko wapi? Haripada ana homa, haendi.
Rabeya, jirani yangu, kaniuliza uani: kesho utafikaje, dada Hem? Nikasema nitaogelea. Kacheka mpaka kakohoa. Huyu ndiye aliyemnyonyesha mwanangu Tulu nilipokuwa mahututi.

Jumapili, 6 Julai
Alfajiri, Rabeya mlangoni. Mtumbwi wa mumewe, na picha ya shoka mbele! Nikasita.
"Panda, dada. Mtumbwi haupigi kura."
Mumewe akanung'unika: yaani nimbebe mpinzani?
"Basi shuka wewe. Kasia tutapiga wenyewe."
Akashika kasia. Tukatafuna tambuu. Rabeya alinifunika kwa mwavuli wake, bega lake lote likalowa. Kituoni kila mmoja aliingia peke yake. Kurudi hatukuulizana. Tuliongea habari za samaki.

Jumatatu, 14 Julai
Shoka limeshinda. Ngoma sokoni tangu asubuhi. Wengine wanasema subirini, mpaka haujachorwa, huenda mji wetu ukabaki India. Haripada hasubiri; sisi ni Wahindu. Anafunga mizigo, twende Shillong, upande wa India, kwa kaka yake.
Rabeya kaingia bila hodi. Kaona sanduku. Kasimama.
"Nilichagua shoka, dada. Sikufichi. Lakini sikuchagua wewe uondoke."
Nikasema najua. Nilitaka kusema na mimi sikuchagua kibanda ili nimfungie yeye nje. Nikamshika mkono tu.
Haripada, kwa upole: shemeji, naomba nifunge sanduku.
Rabeya akaketi juu ya kifuniko, akakunja miguu. "Haya, funga."
Mkokoteni uko mlangoni. Mwenye ng'ombe ameita mara mbili. Naandika haya jikoni, wima. Rabeya bado amelikalia sanduku. Haripada alinitazama mimi — nimwambie ainuke. Nikasema naenda kutafuta kalamu.