Shangazi Anauliza Waliompima Walisemaje

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie maana mwenzio sina raha, nafanya kazi ya mkataba kwenye taasisi moja ya utafiti hapa Shinyanga mjini, na nimepewa kazi ya kuchunguza zile kanzidata kubwa za kimataifa, zinazoorodhesha makala za wasomi na nani kamnukuu nani, kuona zinabeba majarida yetu ya Tanzania kwa kiasi gani, nikakuta mengi hayamo kabisa, hasa ya Kiswahili, na kwenye jarida mojawapo ndimo ulimo utafiti wa akina mama wa upande wa Bugarama wanaochoma dhahabu kwa zebaki majumbani, wengi wao walikutwa na sumu mwilini. Sasa bosi wangu, Dk. Marcel, anaandaa ripoti ya kikao kitakachoamua kama akina mama hao wapimwe tena na kutibiwa, na anataka niandike kwamba hakuna utafiti uliowahi kufanyika, nilipomwonyesha jarida akasema, "Scola, kama halimo kwenye kanzidata halipo, usituaibishe," na mkataba wangu unakwisha mwezi huu na yeye ndiye wa kuuongeza. Kinachoniumiza zaidi, shangazi yangu Epifania aliyenilea ni mmoja wa waliopimwa, siku hizi mikono inamtetemeka hata kikombe hakishiki, na kila nikienda ananiuliza, "Ng'wanone, mwanangu, wale waliochukua mkojo wangu walisemaje?" nami namwambia bado natafuta. Nifanyeje?

Scolastika, Shinyanga

Scolastika mwanangu, pole sana. Mtu aliyekulea unaambiwa uandike kwamba hakuwahi kupimwa!

Usiandike. Umetumwa kuchunguza kanzidata, umekuta ina matundu, sasa bosi anataka matundu hayo yawe ushahidi kwamba akina mama ni wazima. Andika ulichokiona: majarida yetu mengi hayamo, utafiti upo, na nakala yake hii hapa. Mkabidhi Dk. Marcel mbele ya wenzako, nyingine umpelekee katibu wa kikao mwenyewe. Mkataba huenda usiongezwe, sitakudanganya. Utalia, kisha utatafuta kazi nyingine.

Lakini hata wewe nina ugomvi nawe. Eti "bado natafuta"! Unatafuta nini, binti, na jarida unalo mkononi? Bosi anakificha kikao ukweli, wewe unamficha mgonjwa. Huenda shangazi yako bado anachoma zebaki kwenye jiko lile lile analopikia ugali, kwa sababu anangoja jibu lako.

Nenda leo, kabla ya kugusa ripoti yoyote. Mpe shikamoo yake, kaa naye, mwambie walichosema. Zebaki isichomwe tena nyumbani, na kesho mpeleke hospitali Kolandoto wamwangalie. Huenda mikono isirudi kama zamani.

Atakuuliza umejua tangu lini. Hilo nalo umjibu.